Kobe Juu ya Marumaru

Kariakoo, Dar es Salaam
12 Januari 2025

Kwako mke mwenzangu mdogo, Sitara,

Assalaam alaykum. Barua hii nimemkabidhi kondakta wa basi la Sumbawanga, na nimemwambia akiipoteza nitamtambua hata akinyoa ndevu. Mimi mzima, ila magoti yana maneno yake kila asubuhi. Baba yako yuko bandarini, makontena hayamwachi hata Ijumaa. Shangazi yako Fatuma yuko Chanika na mihogo yake. Baba yako mdogo Abdulatif anaendelea vizuri, duka lake la marumaru sasa lina mlango wa pili.

Na hapo ndipo penye habari, kwa hiyo kaa vizuri. Tumetia marumaru uani! Ule mchanga wa marehemu babu yako, uliokuwa ukitufuata mpaka ndani ya sufuria ya wali, ndiyo kwaheri. Abdulatif kaleta mafundi wake, wametandaza marumaru nyeupe zenye maua ya kijivu kutoka mlango wa jikoni mpaka ukutani. Ukiinama unajiona uso. Jirani yetu Candida alikuja kuazima chujio, akasahau chujio, akabaki kutazama chini. Nilimwacha atazame. Mtu mzima na umri wangu huu nina haki ya kuringa kidogo.

Kobe wako anakusalimu. Watu bado wanashangaa nikimwita Mahari, na mimi sichoki kuwaeleza: mume wangu alimposa mjukuu wake mbele ya wanawake wa mtaa mzima, mtoto ana miaka sita, mtoto akasema haolewi bure, basi mzee akamletea kobe. Nikawa mke mkubwa siku hiyo hiyo bila kuulizwa. Kibali chake cha maliasili Abdulatif amekwisha kukihuisha, usiwe na wasiwasi.

Juu ya marumaru anateleza kidogo, miguu inamwendea huku na huku, lakini anajifunza kutembea kwa adabu. Kwenye kona yake nimemtandikia zulia la majani ya plastiki, yale ya kwenye kumbi za harusi. Kijani kibichi mwaka mzima, halitaki maji wala fagio. Kobe gani Dar nzima analala hivyo?

Umeomba uhamisho? Nijibu hilo.

Mke mkubwa,
Bibi yako Zamzam


Bonde la Rukwa
3 Februari 2025

Kwako Bibi, mwenye ua wa kujitazamia uso,

Shikamoo. Barua yako imefika na alama za vidole vya kondakta, ila imefika, na ndevu zake zimesalimika. Mimi sijambo. Mvua ni nyingi, barabara imekatika mara mbili. Mtandao wa simu huku bado ni hadithi, na hata ungekuwepo ungeniitikia "ee" kwa kila kitu kama kawaida yako, halafu useme umesikia. Nimepewa darasa la tatu. Wananiita Mwalimu Bongo, na wakinikasirikia wananiigiza ninavyosema "sasa je".

Hongera kwa marumaru. Mwambie baba mdogo kazi yake nimeiona kutoka huku. Lakini Bibi, usinikasirikie, kobe si mgeni wa harusi. Kwenye marumaru kucha zake hazina pa kushika. Miguu ikimwendea huku na huku kila siku, mwishowe itabaki hivyo hivyo. Na lile zulia ndilo baya zaidi. Yeye akiona kijani anajua ni chakula. Akimeza vipande vya plastiki vitamfunga tumbo. Naomba uliondoe leo, lisisubiri kesho.

Anachotaka ni kitu laini cha kuchimba na kujifukia, kinachoshika unyevu kidogo, kisicho na dawa, na ambacho hata akikimeza kwa bahati mbaya hakimdhuru. Unakumbuka alivyokuwa akizama kwenye mchanga na udongo wa Babu wakati wa joto, tukamtafuta nyumba nzima? Kumbe alikuwa anajitibu.

Niambie jambo moja tu: anakula? Ukiona ni kazi kubwa, shangazi Fatuma ana ua wa udongo Chanika. Anaweza kukaa naye.

Nimekukumbuka, na biriani lako pia.

Sitara


Kariakoo
20 Februari 2025

Kwako Mwalimu Bongo,

Marahaba. Sisi wazima. Candida binti yake amejifungua mapacha huko Moshi, amekwenda na mizigo kama anahama. Baba yako alipata homa, imekwisha. Mwezi wa mfungo unagonga mlango na bei ya tende imekwishaanza kupanda.

Zulia nimeliondoa. Si kwa sababu ya barua yako, ni kwa sababu lilikuwa linapauka. Abdulatif kalipeleka dukani kwake, wateja wanafutia miguu.

Sasa sikia bibi yako alivyo na akili. Nimekwenda mwenyewe Gerezani kwa mafundi seremala, nimejaziwa gunia la maranda. Bure! Mekundu, mepesi, yananukia uani kote utadhani pamefukizwa. Nimemjazia kona nzima, nimemzungushia na matofali. Mwanamke aliyekaa na mfanyakazi wa karakana ya reli maisha yake yote hashindwi kumtengenezea kobe mahali pa kulala.

Chanika nimeisikia. Kobe wangu aende Chanika akafanye nini, akalime mihogo? Fatuma hata paka wake wamemhama. Mahari yuko kwenye nyumba aliyoletwa, na mimi niko ndani yake.

Kuhusu kula, huyu kobe amekuwa mchamungu. Shaabani haijaisha yeye keshaanza kufunga. Tungekuwa sote kama yeye, tungefika mbali.

Hukunijibu la uhamisho.

Bibi Zamzam


Bonde la Rukwa
17 Machi 2025

Kwako Bibi,

Shikamoo, na saumu njema. Barua ilichelewa wiki nzima ng'ambo ya mto. Huku tunafuturu watu wachache, mimi na familia ya muuza duka, tunabadilishana uji. Watoto wangu wamefanya jaribio la kusoma. Nitakusimulia nikiwa nimetulia, maana sasa sijatulia.

Bibi, kobe hafungi. Kobe asiyekula anaumwa.

Maranda hayo ni ya mbao gani? Mbao nyingi za mafundi zimetiwa dawa ya wadudu, na zisizo na dawa zina mafuta yake. Harufu hiyo unayoisifu ndiyo inayomchoma macho na pua. Vumbi nalo linamwingia kifuani. Nilimuuliza afisa mifugo wa kata yetu. Yeye ni mtu wa ng'ombe, akacheka kwanza, kisha akaenda kuuliza wenzake mjini na kuniletea majibu. Anasema toa maranda yote, mwogeshe kwenye beseni la maji ya vuguvugu yasiyofika puani, kila asubuhi, halafu mbadilishie anapolala.

Na dawa iko hapo hapo mlangoni kwako. Makumbi ya nazi, Bibi! Yakipondwa yanatoa unga laini, unashika maji, hauna sumu, hauozi upesi. Changanya na udongo safi. Wauza maua wanao, na sokoni makumbi yanatupwa. Wewe ni mtu wa pwani, haya si mageni kwako.

Wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Tafadhali niandikie: anakula au hali?

Mjukuu wako,
Sitara


Kariakoo
2 Aprili 2025

Sitara,

Idd mubarak. Tuko wazima.

Maranda nimeyatoa na kobe anaogeshwa. Afisa wako nimemshukuru.

Makumbi hayaingii nyumbani kwangu. Usiniandikie tena habari za makumbi, wala usiniulize kwa nini. Nimeishi Kariakoo tangu kabla baba yako hajazaliwa na sijawahi kuonekana na kitu hicho mkononi. Nimemtandikia magazeti.

Bibi


Bonde la Rukwa
16 Aprili 2025

Kwako Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nimesimama, maana haikuwa na urefu wa kukalia. Hukuniita mke mwenzio. Sijui nimekugusa wapi, na kwa vyovyote nilivyokugusa naomba radhi. Sitauliza, kama ulivyosema.

Lakini magazeti, Bibi? Yana wino, yanalowa, yanateleza. Na hii ni barua ya pili hujaniambia waziwazi kama anakula. Kwa hiyo nimeelewa.

Nimemwandikia shangazi Fatuma. Atakuja Jumamosi tarehe tatu Mei kumchukua Mahari ampeleke Chanika. Nisamehe. Nimeandika huku nalia, na mtoto mmoja wa darasani akaniletea kitambaa chake cha ubao nijifute. Sitaki kobe wa Babu afe kwa sababu mimi na wewe tunaoneana aibu.

Na kwa kuwa nakudai ukweli, na wangu nautoa. Sijaomba uhamisho, na siombi. Mwezi wa kwanza watoto wangu walikuwa wakisoma kwa kukariri, ukiwageuzia ukurasa wanaendelea na hadithi ya jana. Sasa wanasoma chochote. Juzi wamesoma maandishi ya kwenye mfuko wa mbolea, wakanisahihisha nilipokosea. Nilijivuna mpaka nikaona haya. Nitakuja likizo, lakini nitarudi huku. Nilikuwa naogopa kukwambia.

Sitara


Kariakoo
6 Mei 2025

Kwako Sitara, mjukuu wangu, mwalimu,

Assalaam alaykum na marahaba mara tatu. Wote wazima. Baba yako amesoma barua yako mbele ya wenzake bandarini, ile sehemu ya mfuko wa mbolea, sasa anatembea kifua mbele kama aliyekuzaa peke yake. Kaa huko. Mtu anayefundisha watoto wa watu mpaka wakamsahihisha, nani atamrudisha mjini aje kufanya nini? Huo uhamisho sikuulizi tena, na jirani akiuliza namjibu mimi.

Sasa nimevaa miwani, chai iko pembeni, nitasema yangu.

Kobe hakuwa akila. Haya, umesikia. Tangu kabla ya mfungo alikuwa akifungua jicho moja, anautazama mchicha, analifunga. Niliogopa, Sitara. Kila nikiamka, kabla sijasema na mtu, nakwenda kumgusa gamba nione kama ataivuta shingo. Babu yako amekwenda, karakana yake imevunjwa, baiskeli yake ina mwenyewe mwingine. Kitu kinachotembea humu ndani kilichopita mikononi mwake ni huyu tu. Nikisema anaumwa, mtamchukua. Ndiyo maana sikusema.

Ulipotaja makumbi ulinigusa kwenye jeraha. Wewe, baba yako na mtaa mzima mnajua natoka Unguja. Hakuna aliyeuliza Unguja ipi, nami niliwaacha mdhani ni mjini, kwenye milango ya nakshi. Mimi ni wa Makunduchi. Mama yangu, Mize binti Vuai, alikuwa akifukia makumbi kwenye tope la pwani mpaka yaoze, anayafukua, anayaponda apate nyuzi za kusokotea kamba, na mimi nipo pembeni yake naponda tangu sijang'oka meno ya utoto. Kazi ile ilitulisha. Lakini ina harufu, na haitoki kwa sabuni. Nilipoletwa Kariakoo kuolewa, wifi mmoja alivuta pua kwenye ngoma ya harusi yangu akauliza, "Jamani, nani kaja na makumbi humu?" Walicheka sana. Babu yako alijua kila kitu, maana alinifuata huko huko, na hata siku tulizogombana vibaya hakunitajia. Tangu ngoma ile sikushika kumbi, hata la kuwashia moto.

Kama wiki moja kabla ya hiyo Jumamosi yenu nilikwenda sokoni kutafuta majani mengine ya kumjaribu. Nikapita kwa wanaofua nazi. Makumbi yamerundikana mpaka kiunoni, yanasubiri gari la taka. Nikasimama pale watu wanapishana nami. Nikajisemea, Zamzam, kobe anakufa kwa ajili ya pua ya wifi aliyezikwa zamani! Hasira zikanipanda, na safari hii si kwako. Nikamwambia mfua nazi anijazie magunia mawili.

Akaniuliza, "Bi mkubwa, unaenda kuchomea maandazi?"

"Naenda kufanya kazi ya mama yangu," nikamwambia.

Yakapakiwa kwenye mkokoteni, nikatembea mbele yake katikati ya Kariakoo, sikujifunika uso.

Nikayaloweka kwenye pipa. Maji ya kwanza yalitoka mekundu, nikamwaga, nikaweka mengine, nikamwaga tena mpaka yakatakata. Ya mama yalikuwa yakikaa miezi kwa sababu alitaka nyuzi za kamba. Mimi nataka unga, siku chache zinatosha. Halafu nikachukua mchi wa kinu, nikaketi uani, nikaanza kuponda. Mikono ilijua! Nilidhani imesahau, kumbe ilikuwa ikinisubiri tu. Niliponda nikiimba, Sitara, na zile nyimbo usiniulize, hazifai kwa mwalimu.

Marumaru ikapasuka. Kisha ya pili. Abdulatif akaja mbio kutoka dukani, sijui nani alimpelekea habari.

"Mama! Hiyo ni ya Hispania!"

"Basi nikiendelea nitafika Hispania. Lete patasi."

"Mama, wateja wangu wataniambiaje?"

"Waambie mama yako ana kazi yake na wewe una yako."

Alinuna, lakini patasi aliileta, na aliyezing'oa ni yeye mwenyewe, taratibu, kona nzima ya ukutani. Chini yake udongo uko vile vile tulivyouacha. Tukauchambua tukitoa misumari na vigae. Mimi nikachambua makumbi: nyuzi ndefu nimezitoa zote, maana zinaweza kumzonga mguu au akazimeza, nikabakiza unga na vipande laini. Tukachanganya na udongo, chini penye unyevu, juu pakavu, kina cha kumtosha kuzama. Kwenye ukingo nimepanda ukoka autafune akipenda.

Candida amerudi kutoka Moshi. Alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Akaniuliza, "Bibi, nani alikufundisha kuponda hivyo?"

Nikasimama, magoti yakalalamika, nikamwambia, "Mama yangu. Mize binti Vuai wa Makunduchi." Nikarudia kwa sauti, ili na wale wa ghorofani wasikie. Mjukuu wangu, tangu nilipopata baba yako sijajisikia vile.

Tukamweka kobe. Akatulia kimya. Abdulatif akasema, "Kamekataa." Nikamwambia afunge mdomo wake. Kisha mguu wa mbele ukakwaruza mara moja, ukasita, ukakwaruza tena. Akaanza kuchimba. Akazama, akazama, mpaka pakabaki mgongo, kisha pakabaki hakuna kitu. Akakaa humo, hatoki wala hatikisiki, mpaka Jumamosi ikafika. Sikumfukua. Niliogopa nitakachokikuta.

Fatuma alikuja kwa daladala mpaka Gerezani, akamalizia kwa miguu, na kapu lake lililotandikwa kanga, na fungu la matembele ya njiani ya kumlisha Mahari. Akatazama uani palivyokuwa. Akanishika mikono yote miwili, akainusa.

"Mama, hii ni nini?"

"Hii ndiyo mimi," nikamwambia. Nikamsimulia, naye akasikiliza kapu likiwa bado begani. Akalia kidogo, kisha akanigombeza. Alisema ana bibi mzaa mama ambaye hajui hata jina lake, na nani kanipa ruhusa ya kumficha? Nilimwacha agombe. Alikuwa na haki.

Tulikuwa hapo hapo kwenye maneno udongo ukapasuka. Kikatoka kichwa, kina unga wa makumbi mpaka kwenye kope, macho yote mawili wazi. Akatoka mzima mzima, akatembea. Hakuteleza hata hatua moja. Akaenda moja kwa moja kwenye lile fungu la Fatuma, akang'ata jani, akalivuta, akalitafuna kwa zile taya zake za kizee, akachukua lingine. Akala masurufu ya safari yote bila kusafiri. Abdulatif alipiga kelele utadhani timu yake imefunga bao.

Mimi nilikaa chini juu ya marumaru zilizobaki, nikalia mbele yao wote, na sikujali nani ananiona.

Kobe haendi Chanika. Fatuma ndiye aliyesema, kabla yangu. Kapu lake limerudi tupu, na nimemwagiza asije tena nalo bila udongo wa shamba, ule usiotiwa mbolea. Likizo yako tutakwenda Makunduchi, mimi, wewe na Fatuma, nikawaonyeshe ile pwani. Sijui nitamkuta nani anayenikumbuka, lakini nitabisha hodi kila mlango.

Bibi yako,
Zamzam wa Makunduchi